1873 haikuwa mwisho wa utumwa, tusiwafundishe watoto kwamba ndio uliisha

Mhariri salaam, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa moyoni toka tuliporudi Unguja wiki iliyopita.

Mi ni mama, naishi Tabora, nilienda na binti yangu wa fom tuu. Siku ya kwanza tukaenda Mkunazini, pale kanisa la Anglikana lilipojengwa kwenye uwanja wa soko la watumwa, tukaona ile sanamu ya watu wamesimama shimoni na minyororo shingoni, tukaonyeshwa ilipo altare kwamba ndipo watu walipokuwa wanafungwa na kuchapwa. Binti yangu anaandika tu kwenye daftari, Sultani Barghash, mkataba na Waingereza, Juni 1873, soko likafungwa, mwisho. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo nilivyofundishwa mimi.

Kesho yake tukapanda daladala hadi Mangapwani, kama kilomita 20 kaskazini mwa mji. Kule hakuna kanisa wala sanamu, ni shimo limechongwa kwenye mwamba wa matumbawe na juu limefunikwa, unashuka ngazi unakuta giza na joto la unyevu. Nikawasha tochi ya simu, nikashika ukuta, unakwaruza mkono kama msasa. Kijana aliyetutembeza akasema hapa watu walifichwa baada ya 1873, biashara ilishapigwa marufuku kwahiyo inafanywa kwa siri, wanakaa humo mpaka jahazi lije. Binti yangu akanivuta kitenge, mama, si ilikuwa imeisha?

Haikuisha jamani! Ule mkataba ulizuia kuwapitisha watu baharini na kuwauza sokoni, lakini aliyekuwa na mtumwa nyumbani aliendelea kuwa naye. Unguja sheria ya kufuta utumwa ilikuja 1897, na hapo napo mtu ilibidi aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Huku bara ni 1922, yaani bibi yangu mzaa mama alikuwa keshazaliwa! Na sisi Tabora ndio misafara ya kutoka Ujiji ilikuwa inapita kwenda Bagamoyo, kwahiyo haya sio mambo ya watu wa pwani peke yao.

Walimu naombeni sana, najua mkija na wanafunzi mnashuka kwenye boti asubuhi mnageuza jioni, Mkunazini halafu Forodhani basi. Tafuteni masaa mawili matatu muwafikishe Mangapwani, washuke zile ngazi wenyewe, mtoto akishashika ule ukuta hutahitaji kumkaririsha.

Usiku ule gesti binti yangu alifungua daftari akakata neno mwisho kwa peni, juu yake akaandika marufuku. Akikoseshwa kwenye mtihani kwa hilo nitakwenda shuleni mwenyewe.

Mama wa mwanafunzi,
Tabora