Yah: Kusajiliwa kampuni mpya badala ya tawi

Kiwanda cha Kamba na Magunia ya Mkonge,
Tanga, Tanzania.

20 Januari 2025

Kwa Meneja Mkuu,
Ofisi ya Ushauri na Usajili wa Biashara,
Nairobi, Kenya.

Ndugu Meneja,

Tarehe 12 Agosti 2024 tuliwatumia baruapepe yenye kazi ya mstari mmoja: mtusajilie nchini Kenya tawi la kampuni yetu, iliyoandikishwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania, tangu 2009. Mlikubali, mkataja shilingi 185,000 za Kenya, nasi tukalipa zote kabla kazi haijaanza. Hilo ni kosa letu, nalikiri. Tarehe 23 Septemba mkatuletea cheti na salamu za pongezi.

Namba ya cheti hicho inaanza na PVT. Kwenu Kenya herufi hizo hupewa kampuni binafsi iliyoandikishwa hapo hapo, si kampuni ya kigeni. Jina letu nalo mmelifunga mkia, "(Kenya) Limited". Tuliomba mkono wetu urefuke uvuke mpaka wa Horohoro, nyinyi mkatuzalia mtoto.

Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu, "Mama, ni kitu kile kile tu." Si kile kile. Tawi ni sisi wenyewe tukiwa Nairobi: katiba moja, bodi moja, hesabu moja, na likidaiwa ni Tanga inayodaiwa. Kampuni tanzu ni mtu mwingine mbele ya sheria, mwenye madeni yake na umri wake. Huyu wenu ana umri wa miezi minne. Mkaniambia tena kwamba kampuni tanzu ina usalama, kwamba ikianguka haituburuzi. Ni kweli. Bodi yetu ililijadili hilo mwezi Julai na ikaamua tawi, na azimio lenye saini lilikuwa karatasi ya kwanza kabisa katika bahasha tuliyowatumia kwa basi la Mombasa.

Tuliamua hivyo kwa sababu ya mteja. Kinu cha kahawa upande wa Thika kiliingia mkataba na kampuni ya Tanga wa kuletewa magunia kwa msimu mkubwa, Oktoba hadi Desemba. Walitukubali baada ya kusoma hesabu zetu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Sharti lao lilikuwa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, kwa kuwa bila hiyo KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, haiwakubalii gharama hiyo wanapokokotoa kodi ya mapato. Tawi lingepata PIN, yaani namba ya mlipakodi, kwa jina lililo kwenye mkataba, likatoa ankara, tukalipwa. Badala yake, tarehe 6 Novemba tulipeleka ankara yenye jina la huyo mtoto, mhasibu wa kinu akairudisha siku ile ile. Alisema yeye hamjui huyu, hana mkataba naye, na hawezi kumlipa mtu ambaye hana hata hesabu za mwaka mmoja. Sikuwa na la kumjibu. Magunia 4,000 yalikaa ghalani Industrial Area msimu wote, na kodi ya ghala tukailipa. Kahawa ilikobolewa ikatiwa kwenye magunia ya mtu mwingine.

Hayo ni ya biashara, na biashara ina hasara zake. Jambo lililonikosesha usingizi ni jingine. Desemba, benki ilitudai saini za wakurugenzi wote ili ifungue akaunti. Ndipo tukaona kwamba kampuni hiyo ina mkurugenzi tusiyemfahamu, na kwamba mkurugenzi huyo ana hisa 300 kati ya 1,000. Ni karani wenu. Ndiye kijana yule wa "Mama, ni kitu kile kile". Ukurasa wa saini mlitutumia peke yake, bila kurasa zilizoutangulia, nasi tukausaini kwa kuwaamini.

Mlipoulizwa, mkasema sheria ya Kenya inataka Mkenya awe na asilimia 30. Nimemwendea wakili wa Mombasa anisomee. Kifungu cha namna hiyo kilikuwamo katika Sheria ya Makampuni ya 2015 ilipotoka, na kilifutwa muda mfupi baadaye. Tena kilihusu kampuni za kigeni zinazojiandikisha Kenya, yaani kazi ile ile ambayo hamkuifanya! Mmechukua kifungu kilichokufa, cha jambo jingine, mkatugawia nacho mwanahisa. Kampuni binafsi Kenya inaweza kuwa na mwanahisa mmoja na mkurugenzi mmoja. Na kampuni ya kigeni inachotakiwa ni mwakilishi mkazi wa kupokea barua na hati za mahakama kwa niaba yake. Mwakilishi hapewi hisa. Hulipwa ujira wake, basi.

Hoja yenu ya kodi nayo imepitwa na wakati. Mliandika kuwa tawi hutozwa asilimia 37.5 ya faida na kampuni ya Kenya asilimia 30. Hiyo ilikuwa kweli hadi mwisho wa 2023. Tangu Januari 2024 tawi nalo linatozwa 30, na faida inayohesabika kuwa imerudishwa nyumbani hutozwa 15 juu yake. Huenda hesabu hiyo ingetufanya tufikiri upya, huenda isingetufanya. Lakini mngetuwekea mezani takwimu za mwaka huu, tukachagua wenyewe.

Kisha kuna faini. Ada tuliyolipa ilijumuisha usimamizi wa miezi sita ya mwanzo, na kampuni mmeiandikisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tangu Oktoba. Ritani, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi, hutakiwa kufika si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hujauza kitu. Ya Oktoba na ya Novemba hamkuzipeleka, kila moja ikazaa faini ya shilingi 10,000. Taarifa za KRA zilikuwa zikienda kwenye baruapepe ya karani wenu, maana ndiyo mliyoiandikisha iTax, mfumo wa kodi wa KRA mtandaoni. Ya Desemba mwisho wake ni leo.

Ninachotaka ni hiki, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Karani asaini kujiuzulu ukurugenzi na kuturudishia hisa zote 300, na gharama zote za uhamisho huo zilipwe na ofisi yenu. Neno la siri la iTax na la eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, tupewe leo leo, hilo halina siku 14. Shilingi 185,000 zirudi, pamoja na 20,000 za faini na yoyote itakayoongezeka hadi hapo. Kampuni hiyo ifutwe kwenye daftari la Msajili kwa gharama zenu baada ya sisi kuthibitisha kuwa haina deni KRA. Tawi lenyewe msilisajili. Nimeshampa kazi hiyo mtu mwingine. Hasara ya magunia wakili anaihesabu, na barua yake itakuja peke yake.

Muda huo ukipita kimya, nitapeleka nakala ya barua hii na ya azimio la bodi yetu kwa Msajili wa Makampuni na kwa taasisi inayosimamia makatibu wa kampuni nchini kwenu. Suala la hisa nitaliacha polisi waliulize.

Dereva wetu atafika ofisini kwenu Ijumaa tarehe 24 saa nne asubuhi kuchukua cheti chetu cha BRELA na katiba ya kampuni, nakala zilizothibitishwa na wakili, kurasa 46. Tafadhali ziwe kwenye bahasha, naye atazihesabu mbele yenu kabla ya kusaini.

Wenu,

Mkurugenzi Mtendaji