Mpende sasa hivi shoga angu

Shoga angu,

Nimeona bora nikuandikie maana jana kwenye simu hatukuelewana, we unalia mi nalia, mtoto nae huko nyuma analia, mwisho salio likakata. Kwanza hongera. Najua waliokuja wodini wote wamekupa pole kama umefiwa, mi nakupa hongera ya uzazi, umezaa mtoto wa kiume, kaja na mgongo wazi (spina bifida) sawa, ila yuko hai ananyonya, hongera sana mama.

Sasa kuna kitu ulisema kimeninyima usingizi. Umesema hutaki kumzoea. Eti jina hujampa mpaka uone operesheni itakuaje, na manesi wakikuletea anyonye unaangalia ukutani. Nakuelewa kabisa, wangu nae si alizaliwa hivyo hivyo, yaani ile hofu naijua ilivyo, inakaa hapa kooni hata maji hayapiti. Lakini nakuomba, mpe jina leo. Usisubiri daktari akuhakikishie atapona ndo uanze kumpenda, hiyo guarantii hakuna mzazi aliyepewa hata huyo aliyezaa mtoto mzima kitanda cha pembeni yako. Siku zozote alizopewa azikae akiwa na mama, basi, ziwe chache ziwe miaka themanini. Na sauti yako anaijua tangu yuko tumboni, ukimuita atatulia, hebu jaribu uone.

Unaogopa kumshika kwa ajili ya mgongo, si ndio? Anashikika. Kaa kitandani mlaze kifudifudi mapajani kwako, kidonda kiangalie juu kisiguse kitu, mkono wako mmoja uwe chini ya kifua chake. Kunyonyesha lala nae kiubavu mtazamane. Kidonda kisikauke, kinatakiwa gozi safi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, iliyoloweshwa yale maji ya chumvi ya hospitali, ukiona imekauka muite nesi hata kama amenuna, na asije mtu akakudanganya upake majivu au mizizi, pale ni mishipa ya fahamu yenyewe iko nje. Ndo maana wanapenda wazibe ndani ya siku mbili tatu za mwanzo kabla wadudu hawajapanda kwenye uti wa mgongo. Ila waliochelewa nao wanafanyiwa, nimewaona.

Mama mkwe wako na maneno yake ya mkosi achana nae. Mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itunge shoga angu, siku 28! Hapo we mwenyewe ulikuwa hujui kama una mimba, hata kichefuchefu bado. Kuna vitamini inaitwa foliki asidi inasaidia sana mgongo ujifunge, inatakiwa iwepo mwilini kabla mimba haijaingia, sasa sisi tunaanza kumeza FEFO, vile vidonge vya madini chuma na hiyo foliki, tukishaenda kliniki tumbo lina miezi, kazi ya mgongo imeshaisha zamani. Unga wa ngano wa viwandani sheria inataka uongezwe hiyo kitu tangu 2011, lakini dona letu la kusaga mashineni nani anaweka? Na wengine wanameza kila kitu na bado inatokea. Sa mkosi uko wapi hapo? Ukija kutaka mwingine mwambie daktari mapema kabla ya mimba, dozi yetu sisi huwa kubwa kuliko ya wengine.

Mumeo kanyamaza, umesema. Mwache anyamaze kwanza, we safiri uje Dar na mtoto afanyiwe operesheni.

Wakishaziba mgongo watakuwa wanampima kichwa kwa futi, usishtuke, watoto wetu wengi maji ya kichwani yanajaa hayapati pa kutokea. Wangu aliwekewa mpira, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio unashuka mpaka tumboni, maji yanaishia huko mwili unayanyonya wenyewe, ukimuona huwezi kujua. Wengine wanatobolewa njia ya maji kwa kamera bila mpira, mambo hayo daktari mmoja Mmarekani, Benjamin Warf, aliyaendeleza hapo jirani tu Mbale Uganda miaka ya 2000, leo dunia nzima inajifunza kutoka pale. Ila mwenye mpira unamchunga. Akitapika ovyo, utosi umejaa, macho yanaangalia chini tu kama jua linazama, usingizi mzito sio wake, hapo hakuna kusubiri asubuhi, unakimbia.

Na mkojo. Hili hakuna atakayekwambia mapema ila mi nakwambia, kibofu chake huenda kisijue kujitoa chenyewe, mkojo ukirudi juu unaua figo. Nilifundishwa kumtoa kwa mpira mwembamba kila baada ya masaa matatu manne, unanawa mikono vizuri unampitishia taratibu mpaka uone umeanza kutoka, usiku na mchana. Mwanzoni mikono ilikuwa inatetemeka nikafikiri hii kazi ya manesi mi siwezi, sa hivi nafanya huku namuimbia na yeye anaitikia, juzi kaniambia mama leo nipe najiweka mwenyewe. Akajiweka! Nilitoka nje kujifanya naanua nguo, nililia pale kambani jamani, kwa furaha.

Yuko darasa la pili huyo. Miguu haina nguvu, anatumia kiti mwendo, na hicho kiti kwake ni daladala, anasimamisha watoto wa mtaa mzima "Rangi Tatu Kariakoo, Rangi Tatu Kariakoo, siti zipo!" na nauli anadai kweli. Hesabu zinampiga chenga, kusoma anasoma kuliko dada yake. Kuna siku nachoka mpaka mifupa, siwezi kukuficha, kuna usiku naangalia dari nawaza nikifa mimi nani atamtoa mkojo. Alafu asubuhi ananiita kwa ile sauti yake ya ukonda na mimi naamka.

Sasa mambo ya safari. Wakikupa gari la wagonjwa panda hilo, wakisema halipo njoo na treni ya SGR, kutoka Moro hapo chini ya masaa mawili upo Dar na haina makorogo ya barabara. Nitakusubiri stesheni twende wote Muhimbili, pale MOI, taasisi ya mifupa, ndo wanapofanya hizi operesheni. Barua ya rufaa usiisahau, kadi ya kliniki, khanga za kutosha, na waombe gozi za njiani. Pesa isikuzuie kuondoka, tukifika tunaenda dawati la ustawi wa jamii unaeleza hali yako, na wazazi wa ASBAHT nitawapigia leo hii, ni chama chetu sisi wenye watoto wa vichwa vikubwa na mgongo wazi, wanajua kila mlango pale. Chakula nitakuletea wodini mimi. Uji wa ulezi asubuhi, maziwa yasikauke.

Nijibu ukisoma hii hata kama ni usiku wa manane.

Shoga ako, Mbagala