Kideri hakisikii rangi mbili

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mwezi uliopita huku Nzuguni nimezika kuku ishirini na tatu ndani ya siku tano kwa kideri, ule ugonjwa wa kuku, na nasema nimezika kweli, maana jirani yangu yeye alichinja wagonjwa akagawa mtaani, manyoya na utumbo akatupa korongoni, na upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe.

Mimi nami nilikosea. Nimeona jogoo kapinda shingo anarudi kinyumenyume, anaharisha kijani, nikakimbilia duka la dawa za mifugo nikauziwa unga wa antibayotiki, mwingine akaniambia changanya na rangi mbili, ile kapsuli ya antibayotiki ya watu, na shubiri. Hela ikaenda, kuku wakaenda.

Binti yangu anasoma mambo ya mifugo, ndo akanifafanulia. Kirusi cha kideri kina protini inaitwa F, ndo inayokishikanisha na seli ya kuku kiingie ndani, sasa hiyo F inatoka ikiwa haijakatwa na isipokatwa haifanyi kazi, na anayeikata ni kimeng'enya cha kuku mwenyewe! Yaani mwizi kaja mikono mitupu, panga kaazima kwako. Sasa kirusi cha kideri kipo kipole na kikali: kile kipole panga lake lipo kwenye njia ya hewa na utumbo tu, kuku anakohoa kidogo anapona, ila hiki kikali F yake inakatwa na kimeng'enya kinaitwa furini ambacho kiko karibu kila seli, ndo mana kinafika mpaka kwenye ubongo. Halafu kina protini nyingine, V, hiyo inazima intaferoni, ile kengele ambayo seli inawapigia wenzake. Antibayotiki kazi yake ni kuharibu mitambo ya bakteria, sasa hapo itaharibu nini?

Wenye maduka mtuambie ukweli basi. Dawa ni chanjo, tone moja jichoni, kuku akiwa mzima, unarudia kila miezi mitatu. Ile chanjo inayoitwa I-2 inavumilia joto kuliko zingine, sio kwamba uianike juani lakini. Shida chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa mtu mmoja, kwahiyo majirani sita tumechanga, Jumamosi alfajiri tunachanja kabla watu hawajaenda mnadani Msalato. Yule wa korongoni kagoma, kasema kuku wake washaisha kabaki na bata, nikamwambia hata bata anaweza kukibeba bila kuumwa, kanicheka.

Mfugaji, Nzuguni, Dodoma