Hiyo CAN iweke chini kwanza

Kahawa West, Nairobi

Rafiki yangu Otieno,

Salamu nyingi. Picha za nyanya zako za magunia zinazogeuka manjano nimezipata, pamoja na swali lako kama uzitie CAN, mbolea ya naitrojeni. CAN usiiguse. Naona umeshatia na jivu la jiko. Jivu nalo liache.

Mmea wenye njaa huulizwa swali moja: ni jani lipi limeanza kuugua? Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu huhamishika. Zikipungua, mmea huzinyonya kutoka majani makuukuu ukalisha machipukizi, kwa hiyo uharibifu huanzia chini. Chuma na kalsiamu hazihami, na zikikosekana majani machanga ndiyo huumia.

Nyanya zako zimegeuka manjano kwenye majani ya kileleni, karibu kuwa meupe, huku mishipa ikibaki kijani kibichi kama mito kwenye ramani. Majani ya chini ni mazima kabisa. Huo ni upungufu wa chuma, ingawa udongo wetu mwekundu umejaa chuma. Ninachoshuku ni maji. Visima virefu vingi vya Nairobi vina baikaboneti nyingi, chumvi inayopunguza uchachu, na ukimwagilia maji hayo kila siku pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, hupanda. Ikipita 7, chuma hujifunga na mizizi haikipati. Jivu nalo linazidi kuipandisha.

Chimba udongo wa kikombe kimoja kutoka kina cha sentimita 10, ukoroge na vikombe viwili vya maji ya mvua, uache nusu saa, kisha chovya karatasi ya pH. Nyanya zinataka 6 hadi 6.8. Ukikuta 7.5, hamia maji ya mvua au ya mfereji, na kwenye agroveti uulizie chuma cha keleti, yaani kilichoshikwa ili udongo usikifunge, aina ya EDDHA. Watakusukumia keleti ya EDTA kwa kuwa ni ya bei rahisi, lakini hiyo hulegea na kukiachia chuma pH ikipita 6.5, utakuwa umemwaga pesa. Kipimo fuata cha pakiti. Usihukumu dawa kwa majani yaliyokwisha kupauka, angalia yatakayochipuka baada ya siku kumi hivi.

Yale matunda mawili yenye kitako cheusi ni upungufu wa kalsiamu, na mara nyingi kosa ni kumwagilia kwa kurukaruka: gunia likauke kau, kisha lifurike. Gawa maji asubuhi na jioni, funika juu kwa nyasi kavu. CAN ingezidisha, maana amoniamu iliyomo hushindana na kalsiamu mlangoni mwa mzizi.

Sukuma wiki ya pembeni ndiyo yenye njaa ya kweli. Majani yake ya chini yamepauka kote, mishipa na yote, na huo ni upungufu wa naitrojeni. Hapo ndipo CAN iende: kifuniko kimoja cha soda kwa mche, shubiri moja kutoka shina, kisha maji.

Nitumie picha ya karatasi ya pH ikiwa bado mbichi, maana rangi hubadilika ikikauka. Msalimie mama watoto.

Wako,
Kamau