Saa ya mechi mwezi wa Ramadhani

Ndugu Mhariri,

Mashindano mengi ya vijana hapa Pwani huanza mechi saa 9 alasiri, Ramadhani iwepo isiwepo. Miaka hii mwezi huo unaangukia Februari na Machi, jua la kaskazi likiwa kali. Mechi ya saa 9 humalizika kama saa 10:50, na Magharibi hapa Tanga huingia kati ya saa 12:30 na 12:50. Kijana aliyefunga saumu hukaa zaidi ya saa moja na nusu amekauka, hajagusa maji. Tunaomba waandaaji waanze mechi saa 10:40. Dakika 90, mapumziko 15 na muda wa nyongeza vitaisha adhana ikikaribia. Uwanja wenye taa usubiri saa 3:30 usiku, watu wakishatoka tarawehe.

Ikitokea Magharibi imeingia mpira ukichezwa, sheria haimfungi mwamuzi mikono. Sheria namba 7 ya mpira wa miguu inatambua mapumziko ya kunywa maji yasiyozidi dakika moja, kanuni za mashindano zikiyaruhusu, na muda huo hufidiwa mwishoni. Manahodha wakubaliane na mwamuzi kabla ya mechi, kisha isubiriwe goli kiki au mpira wa kurusha. Uingereza walifanya hivyo Aprili 26, 2021, Leicester City ikicheza na Crystal Palace: kipa wa Palace alichelewesha goli kiki, wachezaji Wesley Fofana wa Leicester na Cheikhou Kouyaté wa Palace wakafuturu pembeni ya uwanja mbele ya kamera, mpira ukaendelea.

Dakika hiyo itumike vizuri. Tende mbili au tatu na mafunda machache ya maji yasiyo ya baridi yanatosha. Anayegugumia lita nzima ya maji ya barafu hupata kichomi au hutapika, na lawama huangukia saumu wakati kosa ni la unywaji. Sambusa na bajia zingoje mpira uishe. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu.

Kazi kubwa zaidi iko usiku. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari hadi daku, kama nusu lita kila saa mchezaji anapokuwa macho. Akiyanywa yote kwenye daku, mengi yatatoka kwa mkojo kabla jua halijapanda. Daku iwe chakula kizito chenye kukaa: mihogo au uji wa ulezi, maharage, mayai, ndizi, pamoja na chumvi kidogo, kwa sababu jasho huondoka na chumvi. Mpime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, na usiku huo anywe lita moja na nusu kuifidia. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni ishara kwamba kesho yake apunguziwe mbio.

Mazoezi ya asubuhi yaondolewe kabisa mwezi huu. Daku na tarawehe zimeshaukata usingizi, na misuli iliyochoka hukazika na kuchanika. Dakika 45 nyepesi kabla ya futari zinatosha. Mbio za kasi na mazoezi ya nguvu yafanywe usiku.

Mchezaji akipata kizunguzungu, akianza kuongea visivyoeleweka, au ngozi ikikauka ilhali ana joto kali, atolewe papo hapo, apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apewe ya kunywa kama ana fahamu zake na anaweza kumeza, na usafiri wa hospitali utafutwe. Qurani yenyewe imempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Kwa timu inayosafiri, uamuzi huo ni wa mchezaji na shehe wake, si wa kocha.

Kinachotuumiza zaidi ni vijana wanaoficha saumu zao wakihofia kuachwa benchi. Aliyejificha hapimwi uzito, hapunguziwi mbio, na huanguka bila mtu kujua sababu. Kocha amuulize kila mmoja faraghani siku ya kwanza ya mwezi, na amhakikishie kwamba jibu lake halitagusa orodha ya kikosi.

Makocha wa timu za vijana,
Tanga