Mbwa Wako Hakubadilika Ghafla

Kazi yangu ni kufundisha mbwa majumbani, na wiki iliyopita nimepigiwa tena ile simu ya lawama. Saa mbili usiku, mteja wa Kimara: "Kaka, umekula hela yangu bure. Mbwa kamng'ata mtoto, na wewe ulisema ameiva."

Kwanza nikamuuliza kidonda kimeoshwa na nini. Wamekifunga kitambaa tu. Nikamwambia fungueni, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali usiku huu huu, maana chanjo ya huyo mbwa ilipitwa tangu mwaka juzi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, hapo hakuna tena dawa.

Ndipo nikauliza: kabla ya kung'ata alikuwa hangurumi?

Kimya kidogo. "Zamani alikuwa ananguruma mtoto akisogelea bakuli lake. Dada wa kazi akawa anamchapa, akaacha."

Jamani, kunguruma ni honi. Ukikata waya wa honi kwa sababu inakukera, gari halijapata breki. Mbwa aliyechapwa kwa kunguruma haachi kuogopa wala kukasirika, anaacha kukuambia. Mwisho anang'ata "bila sababu", na fundi ndiye tapeli.

Na kabla hata ya kunguruma ameshasema mengi. Anageuza uso pembeni. Analamba midomo na hajala kitu, anapiga miayo na hana usingizi. Weupe wa jicho unatokeza pembeni, kisha mwili wote unakakamaa. Watu hunitumia picha mtoto kamkumbatia mbwa shingoni, wanataka niseme wanapendeza. Mimi naangalia jicho la mbwa. Hata mkia msiuamini sana: ukisimama juu, mgumu, unatikisika ncha tu, hiyo si furaha.

Sasa bei. Laki mbili na nusu kwa wiki sita, nakuja kwako mara mbili kwa wiki. Nasikia sana kwamba kuna jamaa anamchukua mbwa, anakaa naye mwezi, anamrudisha "tayari" kwa elfu themanini. Yupo, na kazi yake nimeshaisafisha. Mbezi kulikuwa na Jemani shepadi aliyerudi hivyo: anakaa, analala, anatoa mkono, raha tupu. Haikupita wiki akamrarua sketi binti wa miaka sita aliyekuwa anakimbia uani. Mbwa alikuwa anamtii yule jamaa, na jamaa hayupo pale nyumbani. Binti naye hakuna aliyemwambia kwamba ukikimbia mbele ya mbwa unageuka kitu cha kufukuzwa. Tukaanza upya, baba akalipa mara mbili.

(Wale wa kumlisha pilipili ili awe mkali na kumfunga mnyororo kutwa nzima, sina la kuwaambia zaidi ya kwamba pilipili inaharibu tumbo, na mbwa asiyeweza kuondoka anabakiwa na meno tu.)

Kwangu siku ya kwanza simgusi mbwa. Naomba kadi ya chanjo, kisha nakaa na watoto. Tunacheza "mti": mbwa akikujia mbio, simama wima, mikono kifuani, macho chini, usipige kelele. Wanarudia mpaka wanachoka. Wanajifunza kutomsogelea akila, akilala au akiwa na watoto wake. Wazazi nawaambia lisilopendwa: mtoto mdogo haachwi peke yake na mbwa, hata huyo niliyemfundisha mimi. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza, sasa nakulipa ya nini? Nikamwambia ananilipa ajue hivyo kabla ya kushonwa mtu.

Jumamosi naenda Kimara, ziara hiyo sitoi bili. Nimeomba dada awepo, na bakuli la mbwa lisijazwe kabla sijafika.