Faili la mke limejaa, la mume halipo

Wengi wanaokuja kwenye maabara yetu kwa shida ya kukosa mtoto ni akina dada. Faili nene: ultrasaundi, homoni, mpaka picha ya mirija. Ukiuliza, "Na shemeji amepima nini?" unajibiwa, "Aa, yeye mzima tu." Mzima kweli, ila kitambi kimemtangulia mlangoni.

Mtaani kitambi ni dalili ya mambo kumnyookea mtu. Mwilini ni habari nyingine. Mafuta ya tumbo yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni. Estrojeni ikipanda, ubongo hupunguza amri inayokwenda kwenye korodani, nazo hulegeza kazi ya kutengeneza mbegu za kiume. Tena korodani hutaka ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, ndiyo maana zikaning'inia nje. Mapaja yakinona na kinena kikijaa mafuta, ubaridi huo haziupati, hasa ukiwa unashinda umekaa kwenye kiti cha lori.

Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe tumboni, usawa wa kitovu hivi. Toa pumzi kwanza; wateja wetu wana tabia ya kuvuta tumbo ndani, sijui wanamdanganya nani. Ikisoma sentimita 94 au zaidi, una la kufanyia kazi.

Si kwamba kila mnene hazai. Wapo wenye vitambi na watoto saba. Na mwembamba kupita kiasi naye mbegu zinaweza kupungua.

Kinachotuumiza kichwa zaidi ni sindano. Kijana anaambiwa gym kwamba testosteroni itamkata kitambi na kumrudishia nguvu. Homoni ikitoka nje, ubongo huona imetosha na kufunga bomba la ndani. Kifua kinatanuka, na sisi kwenye hadubini hatuoni mbegu hata moja. Wengi hurudi kawaida wakiacha, lakini ni suala la miezi mingi. Kama umeshaanza, mwone daktari.

Kipimo chenyewe cha mbegu ni rahisi. Kaa bila tendo siku 2 hadi 7. Sampuli iwekwe kwenye kikopo tunachokupa, si kwenye kondomu. Ukiitolea nyumbani, ilete ndani ya saa moja ikiwa kwenye mfuko wa ndani wa shati, isiwekwe kwenye friji. Kiwango cha chini kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021, ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita. Kuwa chini ya hapo si hukumu ya ugumba. Tunarudia kipimo kwanza.

Ukianza kupunguza uzito, usije wiki ijayo kudai majibu mapya. Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo tuonane baada ya miezi mitatu.

Chumba cha sampuli kina komeo kwa ndani. Kaka, njoo na lile faili la mwenzio, tuliongezee karatasi yako moja.